Uliyoyachagua Mchana, Usiyavunje Usiku

Mafundisho kwa wakatekumeni



Kila mtu aliyefika Kamina ajua ya kuwa mji huu ni njia panda ya reli. Njia moja yashuka kusini, yapita Bukama, yafika Lubumbashi. Njia ya pili, iliyomalizika mwaka 1928, yaelekea Kananga na Ilebo. Njia ya tatu, iliyounganishwa mwaka 1956, yakwenda Kabalo, na kutoka huko watu hufika Kalemie kando ya ziwa Tanganika. Msafiri asimamaye stesheni aweza kuzitamani njia zote tatu, lakini hawezi kupanda magari matatu. Akipanda moja, ameyaacha mawili. Na mara nyingi, gari likiisha kuondoka, ndipo yale mawili yanapoanza kumpendeza.

Mafundisho ya leo ni juu ya jambo hilo. Mtu amechagua kati ya mema mawili. Amechagua kwa akili na kwa sala. Kisha moyo wake wageuka, na usiku hapati usingizi. Afanye nini?

KIJANA WA VYUO VIWILI

Palikuwa na kijana mmoja, mtoto wa wakristu, katika kijiji kimoja kando ya reli kati ya Bukama na Kamina. Alishinda Mtihani wa Serikali, akakubaliwa mahali pawili: katika chuo cha ualimu hapa Kamina, na katika chuo kikuu huko Lubumbashi, asome sheria. Fedha ya nyumbani ilitosha chuo kimoja tu. Baba yake alikuwa ameuza mbuzi wawili, na mama yake mihogo mikavu ya mwaka mzima.

Kijana hakuchagua kwa haraka. Alisali siku tisa. Aliwauliza wazazi wake, akamwuliza Padri, akamwuliza na mwalimu wake wa zamani. Alikumbuka ya kuwa katika shule ya kijiji chao mwalimu mmoja alifundisha madarasa mawili, na watoto wengine wakaketi chini. Alikumbuka pia furaha aliyokuwa nayo kila Jumamosi alipowafundisha wadogo kusoma. Basi akachagua ualimu. Siku ile moyo wake ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungi yaliyokaa usiku kucha. Baba yake akamwambia, «Mwanangu, umechagua vema. Ukumbuke neno moja tu: mbuzi hauzwi mara mbili.»

Akaja Kamina, akakaa kwa baba yake mkubwa, mzee aliyefanya kazi ya reli miaka mingi.

Mwezi wa Januari mvua ilikuwa nyingi. Paa la chumba likavuja juu ya vitabu vyake. Bukari ilipatikana mara moja kwa siku. Katika mtihani wa kwanza alipata alama mbaya za hesabu. Siku zile zile rafiki yake aliyekwenda Lubumbashi alimpelekea picha katika simu: amesimama mbele ya jengo kubwa, amevaa suti na tai, anacheka. Kijana akaitazama picha ile mpaka moto wa simu ukaisha. Tangu usiku ule akaanza kusema moyoni mwake, «Nimeyaharibu maisha yangu. Ningalikwenda kule, leo ningalikuwa mtu.»

Usiku mmoja akafunga mzigo wake. Fedha ya chuo ya sehemu ya pili ya mwaka akaitia ndani ya shati. Akatoka bila kumwamsha mtu, akaenda stesheni kungoja gari la Lubumbashi. Gari halikuja saa yake. Akangoja mpaka alfajiri, akitetemeka kwa baridi.

Kulipopambazuka, baba yake mkubwa akaja, akaketi karibu naye, akampa hindi la kuchoma. Alimwacha ale kwanza. Kisha akamwuliza:

«Mwanangu, unakwenda wapi?»

«Baba, ninakwenda Lubumbashi. Nilikosa katika kuchagua.»

Mzee hakumkaripia. Akaonyesha kwa kidole mahali reli zinapogawanyika, akasema, «Unapaona pale? Kazi yangu ilikuwa kugeuza njia. Kugeuza njia si vibaya. Ndiyo sababu chuma kile kiliwekwa. Lakini tuligeuza gari likiwa bado mbali, taa zikionekana, na mkubwa wa stesheni akijua. Ukigeuza magurudumu yakiwa juu ya chuma, behewa la mbele litakwenda huku, la nyuma litakwenda kule, na yote yataanguka. Niambie sasa: mkubwa wa chuo ajua kwamba unaondoka?»

«Hajui, Baba.»

«Na baba yako aliyeuza mbuzi?»

«Hajui.»

«Haya. Siku ile ulipochagua, palikuwa na jambo ambalo hukulijua, nawe umelijua leo?»

Kijana akafikiri sana. Akaihesabu mvua, na njaa, na hesabu, na jengo kubwa la Lubumbashi. Mwisho akajibu, «Hapana, Baba. Nilijua ya kuwa nitapata shida. Ila nilikuwa sijaionja.»

Mzee akasema, «Basi gari lako lingali linakimbia. Ngoja lisimame. Ngoja mpaka Pasaka. Ikiwa siku ile ungali wataka kugeuza njia, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa baba yako, nawe utasema mbele yake mchana.»

Wakainuka, wakarudi nyumbani.

MATANGO YA MISRI

Kijana huyo si wa kwanza. Katika Biblia Takatifu, kitabu cha Hesabu, sura ya 11, mwasoma habari za Waisraeli jangwani. Mungu alikuwa amewatoa utumwani. Wao wenyewe waliitaka safari ile. Walitembea usiku, wakavuka bahari. Lakini walipochoka na mana, walianza kulia wakikumbuka chakula cha Misri: samaki, matango, matikiti, vitunguu.

Angalieni, wakatekumeni, wanavyokumbuka. Wakumbuka vitunguu, wamesahau fimbo. Wakumbuka samaki, wamesahau matofali waliyoyafinyanga juani, na watoto wao wachanga waliotupwa mtoni. Ndivyo moyo wa mtu ulivyo ukiwa umechoka. Jambo tulilolichagua laonekana lote, pamoja na miiba yake, kwa sababu twalikanyaga kila siku. Jambo tuliloliacha laonekana kama picha, na picha haina njaa wala matope. Rafiki yule wa Lubumbashi alikuwa na siku zake za njaa, lakini siku zile hakupiga picha.

Basi mtu asemaye, «Kule kungalikuwa kuzuri,» na ajue ya kuwa analinganisha siku zake za kweli na siku ambazo mtu hakuziishi. Mizani hiyo si ya haki.

SHAURI LA MTAKATIFU INYASI

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alizaliwa katika nchi ya Hispania mwaka 1491. Alikuwa askari mwenye kupenda sifa. Mwaka 1521, katika vita vya Pamplona, kombora la mzinga likamvunja mguu. Alipolala nyumbani akiuguzwa, alitaka vitabu vya mashujaa, lakini havikuwapo. Akapewa maisha ya Bwana Yezu na ya watakatifu.

Hapo alivutwa na njia mbili. Mara aliwaza ushujaa na sifa za dunia. Mara aliwaza kuwaiga watakatifu. Mawazo yote mawili yalimpendeza. Lakini akatambua tofauti. Mawazo ya sifa yalimfurahisha yalipokuwapo, na yalipoondoka yalimwacha mkavu. Mawazo ya kumfuata Mungu yalipoondoka, furaha ilibaki. Kwa alama hiyo alianza kujifunza kupima sauti zinazosema ndani ya mtu.

Baadaye aliamua kusoma ili aweze kuwasaidia watu. Mwaka 1524, naye ana umri zaidi ya miaka 30, alianza Kilatini huko Barcelona pamoja na watoto. Na hapo likamjia jaribu la ajabu. Kila alipotaka kushika masomo kwa moyo, alijiwa na mawazo matamu ya dini, hata masomo hayakuingia kichwani. Inyasi akajiuliza: mbona mawazo haya hayanijii katika sala wala katika Misa, bali saa ya masomo tu? Akatambua ya kuwa ni jaribu lililovaa nguo nzuri. Akamwita mwalimu wake katika kanisa la Bikira Maria wa Bahari, akamweleza yote, akaahidi kwamba kwa muda wa miaka miwili hatakosa darasa, maadamu atapata mkate na maji katika mji ule. Jaribu likakoma.

Jifunzeni hapa mambo mawili. La kwanza: wazo zuri likija saa ya kazi ili kukutoa katika kazi, lichunguze. La pili: Inyasi hakupigana peke yake gizani. Alimwita mtu, akasema kwa sauti. Wazo lililofichwa hukua kama uyoga penye giza. Likiletwa juani, hujulikana kama laliwa au laua.

Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, Inyasi ametoa shauri ambalo Kanisa limelishika mpaka leo. Roho ikiwa katika ukiwa na huzuni, mtu asibadilishe lo lote, bali ashike maazimio aliyoyafanya alipokuwa na amani. Saa ile azidishe sala, aichunguze dhamiri yake, avumilie. Asafiri usiku kwa njia aliyoionyeshwa mchana.

KUNA KUGEUZA KULIKO HALALI

Je, mkristu asibadilishe kamwe? La, sivyo. Aliyechagua dhambi yampasa aiache leo hii, asingoje Pasaka. Na aliyechagua jambo jema aweza kuliacha kwa jambo jingine jema, kama kuna sababu ya kweli.

Inyasi mwenyewe alifanya hivyo. Mwaka 1528 alifika Paris. Aliona ya kuwa masomo yake ya kwanza yalikwenda mbio mno, yakakosa msingi. Akaingia chuo cha Montaigu, akarudia Kilatini tena pamoja na watoto. Mwaka 1529 akahamia chuo kingine, Sainte-Barbe, kusoma filosofia. Huko alikaa pamoja na Petro Faber na Fransisko Ksaveri, ambao leo wote wawili ni watakatifu. Hakuhama kwa kukimbia alama mbaya. Kilatini kilipokuwa tayari, ndipo alipoanza filosofia.

Na katika Afrika hii watu wamkumbuka Julius Nyerere wa Tanzania. Aliwahi kuwa mkatekumeni kama ninyi, akabatizwa mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipomaliza masomo ya ualimu katika chuo cha Makerere mwaka 1945, shule mbili za Tabora zilimtaka: shule ya serikali, na shule ya misioni ya Mtakatifu Maria. Alionywa ya kuwa miaka ya kufundisha misioni haitahesabiwa katika pensheni. Akachagua misioni, akafundisha huko mpaka alipokwenda kusoma Uingereza mwaka 1949. Mwaka 1955 alikuwa mwalimu huko Pugu, akaambiwa achague kati ya shule na siasa. Alipenda kufundisha, hata hivyo akaiacha shule. Lakini hakutoroka usiku. Alijiuzulu mbele ya wakubwa wake, akieleza sababu yake. Na watu walimwita Mwalimu mpaka kufa kwake mwaka 1999.

Basi mwenye kutaka kugeuza njia ajiulize maswali ya mzee yule wa reli. Je, pana jambo jipya la kweli, au ni shida ile ile niliyoijua? Je, naweza kulisema mbele ya wazazi, mbele ya Padri, mbele ya mkubwa wangu, bila kuficha? Je, moyo wangu umetulia, au ninakimbia? Akijibu vema, ageuze kwa amani. Asipoweza kujibu, angoje.

MUNGU YUPO KATIKA NJIA ULIYOISHIKA

Wengine huteswa na hofu nyingine. Husema, «Labda Mungu alitaka niende kule, nami sikumsikia. Sasa amekasirika.» Wapendwa, Mungu si mzee mkali aliyekaa Lubumbashi akimkasirikia aliyebaki Kamina. Mtoto akitumwa na baba yake kuleta kuni, na mbele yake pana vichaka viwili vyenye kuni, baba hampigi kwa sababu alikata katika hiki wala si katika kile. Ataka kuni, na ataka mtoto arudi salama. Ukichagua kati ya mema mawili kwa moyo safi, Mungu anakutangulia katika njia ile uliyoishika.

Wala wazo la kusitasita si dhambi. Bwana Yezu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, alihuzunika kiasi cha kufa, akamwomba Baba yake akiepushe kikombe kile. Alisali mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Lakini hakutoka bustanini. Huzuni yake alimpa Baba, na mapenzi yake pia alimpa Baba. Wewe nawe ukisitasita, mwambie Mungu, wala usiwe umefunga mzigo.

NANYI, WAKATEKUMENI

Ninyi nanyi mmechagua. Siku mlipoandikwa majina, mlitiwa alama ya msalaba mchana, mbele ya watu wote. Miaka ya mafundisho ni mirefu, na katikati yake usiku utakuja. Mtoto atashikwa na homa, na ndugu watakuambia, «Ivue medali ile, umfunge hirizi, tangu ulipoanza sala hizi, nyumba yako haina heri.» Au mavuno yatakuwa haba. Au wenzako watakucheka.

Saa ile si saa ya kuchagua dini. Ni saa ya kumbeba mtoto mpaka zahanati, na ya kumwita katekista asali pamoja nawe. Neno la kumwacha Kristu lingoje. Lingoje mtoto apone, jua lichomoze, na wewe usimame mbele ya Padri uliseme kwa sauti. Wengi waliongoja hivyo, kulipopambazuka hawakuwa na neno la kusema tena.

Na kijana yule? Pasaka ilifika. Baba mkubwa akamwuliza kama alivyoahidi. Kijana akajibu, «Baba, nitabaki.» Alama zake za hesabu zilikuwa zimepanda kidogo, si sana. Paa liliendelea kuvuja mpaka mvua zilipokwisha. Hata leo, gari la Lubumbashi likilia usiku, huamka, akalisikiliza mpaka likatoweka. Mawazo yale hayakwisha, ila hayamwamuru tena. Asubuhi huchukua chaki, akaenda kujizoeza kufundisha katika darasa la watoto wadogo, nao humngoja mlangoni.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, ni dhambi kusitasita baada ya kuchagua jambo jema?
Jibu: Si dhambi. Ni jaribu, na pengine ni uchovu tu. Yafaa kumwambia Mungu na mtu mwenye hekima.

Swali: Mtu afanye nini akitaka kubadilisha wakati wa huzuni?
Jibu: Asibadilishe lo lote wakati ule. Ashike azimio la kwanza, azidishe sala, angoje moyo utulie.

Swali: Ni lini aweza kubadilisha?
Jibu: Pakiwa na sababu ya kweli, moyo ukiwa na amani, naye akiweza kuisema sababu ile mbele ya wale wanaohusika.

Swali: Na aliyechagua dhambi?
Jibu: Huyo asingoje. Aiache leo, akatubu.

Azimio la juma hili: Likumbuke jambo moja jema ulilolichagua, ambalo moyo wako umeanza kulichoka. Lieleze kwa mtu mmoja unayemwamini, mchana, bila kuficha kitu.

Sala: Ee Bwana Yezu, ulihuzunika bustanini wala hukukimbia. Utushike mkono saa ya giza, tusiitupe njia uliyotuonyesha kukiwa na mwanga. Na ikiwa wataka tugeuze njia, utuambie mchana, tukiwa na amani. Amina.